Wimbo Usiopigwa na Mtu

Khocha aliniuliza swali moja tu kabla sijaondoka. Ilikuwa Julai mwaka jana, tumekaa nje ya nyumba yake, mwendo mfupi kutoka soko la Saboti. Mahindi yalikuwa yameshapita kichwa cha mtu, na mimi nilikuwa na begi moja mgongoni.

"Unarudi Kampala kufanya nini?"

Ningeweza kusema kazi. Siku hizi ninaishi kwa vibarua vya kuandika: leo makala ya mbolea, kesho maelezo ya viatu vya duka la mtandaoni. Hakuna mtu kwetu anayejua hasa kazi yangu iko wapi, kwa hiyo ningesema iko Kampala na mambo yangeishia hapo. Lakini kwetu khocha, yaani ndugu ya mama, hachezewi. Nikamwambia ukweli, au tuseme nusu yake.

"Kusikiliza muziki, khocha."

Hakukasirika. Alitazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, mahali litungu la kuka, babu yangu, linaning'inia ukutani, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa moshi, nyuzi mbili kati ya saba zimekatika.

"Muziki," akasema. "Na lile la babangu, unadhani tumeliweka pale la kukausha mboga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Swali hilo nilipanda nalo matatu ya Kitale, nikashuka nalo Malaba, nikavuka nalo mpaka. Bado sijalimaliza, ndiyo maana ninaandika.

Wacha nieleze kwanza Kampala ni nini kwangu. Nilisoma huko miaka miwili na nusu, kwenye chuo ambacho sitakitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Karo ya mwaka wangu wa mwisho ilikuwa ng'ombe mmoja wa baba na magunia ya mahindi ambayo sikuyahesabu. Sikumaliza. Nikiulizwa, huwa nasema karo iliisha, na watu wanaelewa, maana Trans Nzoia nzima inajua vile bei ya mahindi inaweza kuanguka wiki ile ile umeamua kuuza. Ni kweli karo iliisha. Lakini nilikuwa nimeacha kuingia darasani hata kabla ya karo kuisha.

Kitu ninachokumbuka kutoka Kampala si mihadhara. Ni Jumamosi moja ya mvua nilipoingia Jumba la Makumbusho la Uganda kule barabara ya Kira, ili nisinyeshewe tu. Kuna sehemu ya ala za muziki mle. Watu watatu walikuwa wamekaa wanapiga amadinda.

Kama hujawahi kuona amadinda, fikiria vibao 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba. Mbao yenyewe ni lusambya, mti ule ule ambao kwetu watu wanaupanda mipakani mwa shamba na Waluhya wengi wanauita lusiola. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anaanza sehemu yake, mfululizo, mapigo yamepangwa sawasawa. Wa pili anaingiza yake, na kila pigo lake linaangukia kwenye pengo la mwenzake. Hawagongi pamoja hata mara moja. Halafu wa tatu anakaa kwenye vibao viwili vyembamba vya mwisho. Kazi yake ni kuwinda noti mbili za chini kabisa kila zinapotokea na kuzirudia kule juu. Mwendo ni wa kasi ajabu. Ukijaribu kufuata mkono wa mmoja, unapotea.

Nilisimama pale kama dakika kumi, kisha nikaanza kusikia wimbo. Si ule wa wa kwanza, wala wa wa pili. Wimbo mwingine, polepole kidogo, unaelea katikati. Walipopumzika nikamuuliza mzee aliyekuwa karibu nami: huo wa katikati anapiga nani?

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Ssebo, huo hakuna anayepiga. Huo unapiga wewe na masikio yako."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nikasoma kwamba si mzaha. Kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Uganda mwishoni mwa 1959 na kujifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Kabaka na pia akipiga ala hapo hapo makumbusho. Kubik akaandika jambo ambalo wapigaji walikuwa wanalijua kwa mikono yao: noti za watu wawili zikishonana kwa kasi, sikio linazikusanya zile zilizo karibu karibu kwa kimo, na kutoka hapo inazaliwa miondoko ambayo hakuna mtu mmoja anayeipiga. Msikilizaji si mtazamaji tu. Bila sikio, wimbo ule haupo.

Sasa ile nusu nyingine ya ukweli. Muhula ule nilimpigia khocha simu, nikamwambia nahitaji pesa za vitabu. Alituma shilingi 12,000. Vitabu sikununua. Nilimlipa mtu anifundishe amadinda jioni tatu kwa wiki, nyuma ya nyumba moja kule Mengo. Hizo zilikuwa jioni nzuri kuliko zote nilizoishi, na nilizinunua kwa uongo.

Basi swali langu ni hili. Mji umekushinda. Umemeza ng'ombe wa baba na pesa za khocha, na cheti hukupata. Je, una haki ya kurudi huko kujifurahisha?

Jibu la haraka, lile ambalo sisi vijana tunapenda kujipa, ni kwamba furaha haihitaji ruhusa. Maisha ni mafupi, enjoi. Mimi pia nililisema hilo basi lilipokuwa likivuka Mto Nile pale Jinja na upepo ukiingia dirishani. Halikudumu. Kufika Mabira nilikuwa nimeshajiuliza: kama haihitaji ruhusa, mbona khocha nilimpa nusu ya habari?

Jibu la pili ni lile la wazee: lipa kwanza, cheka baadaye. Linaonekana la haki. Lakini ukilishika hadi mwisho, watu wengi tunaowajua hawangecheka kamwe. Mama ana madeni ya chama tangu nizaliwe, na sijawahi kumuona akikaa chini kwenye harusi ngoma ikilia. Furaha ikingoja deni liishe, ni matajiri peke yao watakaofurahi, na wao ndio wenye madeni makubwa zaidi.

Kampala nilikaa siku tisa. Nilirudi makumbusho. Nikaenda Ndere kule Kisaasi kuona ngoma za kila pembe ya Uganda. Jioni moja nikapita nje ya kanisa kwaya ikifanya mazoezi ya Handel, nikakaa kwenye ngazi hadi wakamaliza. Mimi ni mtoto wa tamasha za muziki za shule. Sote tuliofundishwa wimbo wa lazima na mwalimu mwenye fimbo tunajua sauti nne zikikubaliana mwili unafanya nini. Furaha ilikuwepo, tena kubwa. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitarudi nikute nilijidanganya, kwamba ni ujana tu. Haikuwa hivyo. Muziki ulikuwa mzuri vile vile, na nilisikia zaidi kuliko zamani.

Tunapenda kusema "muziki wa klasiki" tukimaanisha Handel na wenzake, suti nyeusi na karatasi za noti. Lakini angalia Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo. Palikuwa na wapigaji waliorithishana kazi, nyimbo zilizohifadhiwa kwa namna zake, sheria za kupiga, na ngoma za entenga ambazo hazikupigwa nje ya kasri: ngoma 12 zilizopangwa sauti kama vibao vya amadinda, na nyingine tatu za kuandamana nazo, wapigaji sita. Kinachokosekana pale ni karatasi tu. Na mwaka 1955 Joseph Kyagambiddwa alichapisha kitabu kizima kuhusu muziki huo, kwa hiyo hata karatasi ilipatikana. Mtu huyo huyo alitunga utenzi mkubwa wa kwaya kwa ajili ya Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu Roma mwaka 1964, kwa sauti za Kiganda. Ukiniambia hiyo si klasiki, nitakuuliza klasiki ni nini.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, likashambulia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili akatoroka, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme. Wanamuziki wakatawanyika vijijini, ala nyingi zikapotea. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993, waliobaki wanajua kupiga entenga walikuwa wachache mno, na imechukua kazi ndefu ya wazee na walimu wa Uganda kufundisha vijana upya.

Lakini jiulize nini kilishikilia muziki huo miaka ile yote. Kumbukumbu za wapigaji, hilo ni la kwanza. Halafu wageni. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekimbia Wanazi na baadaye akasimamia makumbusho ya Kampala, alirekodi. Hugh Tracey alikuja na mashine zake mwanzoni mwa miaka ya 1950 akarekodi ndani ya kasri lenyewe. Kubik aliandika. Muyinda aliwafundisha watu ambao kwa mila ya zamani hawakuwa na haki hata ya kukaribia. Kama kila mtu angesema "huu si wenu, kaeni mbali," leo tungekuwa na ukimya.

Hapo nilipata jibu ambalo karibu linitoshe. Nikamtungia khocha hotuba kichwani: sikio la mgeni si mwizi, ni ghala. Nilikuja nikafurahia, na furaha yangu ni sehemu ya kile kinachoufanya muziki uendelee kuwepo. Si mzee yule alisema ni mimi ninayeupiga?

Hotuba hiyo ina matundu mawili.

Tundu la kwanza ni kwamba mimi si Kubik. Yeye alikaa, akajifunza, akaandika, akarudi tena na tena. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza. Na hata hao waliorekodi, kanda nyingi zilivuka bahari, na vijana wa Mengo walibaki bila ala wala kanda. Ghala ambalo ufunguo wake uko Ulaya ni ghala la nani?

Tundu la pili ni la zamani zaidi. Muziki wa Lubiri ulilishwa na kodi ya wakulima. Ngoma 15 na watu sita kwa sikio la mtu mmoja, na mahali fulani kuna mama anapeleka ndizi kasri. Usidhani Handel alikuwa msafi pia. Wanahistoria wamekuta jina lake kwenye vitabu vya hisa vya Royal African Company, kampuni iliyouza watu kutoka Afrika Magharibi. Na bado *Messiah* iliposikika mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, sehemu ya mapato ilikwenda kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Mkono ule ule, pesa chafu na pesa zilizofungua mlango wa jela.

Nilikaa na hilo siku mbili nzima, nikila rolex za kando ya barabara na kutembea. Uzuri ulionunuliwa vibaya, je, ni uzuri? Mwisho nimeona kwamba tunafanya kosa tunapotaka jibu moja. Tunataka uzuri uoshe pesa, tuseme "lakini tazama ulichozaa." Au tunataka pesa zichafue uzuri, tuseme "kumbe ulikuwa uongo." Noti za Handel haziwi mbovu kwa sababu ya hisa zake, na hisa zake hazisameheki kwa sababu ya noti. Jioni zangu za Mengo zilikuwa nzuri kweli. Shilingi 12,000 zilikuwa za uongo kweli. La pili halinirudishi nyuma kuifuta ile furaha, na furaha hailipi hata shilingi moja ya khocha. Ni mambo mawili, kila moja linangoja kushughulikiwa peke yake.

Nikadhani nimemaliza. Lakini khocha hakuuliza kuhusu pesa. Habari ya pesa hakuwa nayo. Aliuliza kuhusu litungu.

Okot p'Bitek alichapisha *Song of Lawino* mwaka 1966, mwaka ule ule Lubiri iliposhambuliwa. Lawino angenijua mara moja: kijana wa Kibukusu anayepanda basi usiku kucha kwenda kutafuta uzuri kwa wenyewe, na nyumbani kwa mamake kuna ala inaliwa na moshi. Kwa nini sikuwahi kusikiliza litungu?

Nimejaribu kujibu bila kujipendelea. Litungu nimelisikia maisha yangu yote. Kwenye matanga, kwenye harusi, Agosti ya kupasha tohara watoto wa rika zangu, njuga miguuni, watu wakitikisa mabega. Lakini kila mara nilikuwa na kazi. Lete viti. Shika mtoto. Nenda uone kama maji yamefika. Ukiwa mtu wa nyumbani, muziki haukukuti umekaa. Na kila wimbo una jina la mtu unayemjua, una ugomvi wa shamba ndani yake, una mtu atakayekuuliza: wewe, kijana wa nani, masomo yalifika wapi?

Kampala hakuna aliyeniuliza hivyo. Kwenye makumbusho mimi ni sikio tu. Nadhani hiyo ndiyo nusu ya utamu wa mji wa kigeni: unapewa uzuri bila majina. Noti za Lubiri zina majina pia, zina vita na aibu za watu, lakini Luganda yangu ni ya sokoni, kwa hiyo zilinipita kama maji. Niliita hiyo kusikiliza kwa usafi. Leo naona ilikuwa pia njia ya kutoulizwa.

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kufukuza wageni wavivu, lakini inasema zaidi ya hapo. Haisemi mgeni asile. Siku mbili ni zake, ale, alale, asiulizwe. Furaha ya mgeni ni halali kabisa. Ila ina siku yake ya tatu. Mimi nilikuwa nimegeuza maisha yangu yote kuwa siku ya pili: Kampala ni mgeni, na hata Saboti nimejifanya mgeni, mtu wa kupita na begi.

Kwa hiyo jibu langu, kama ni lazima niliseme wazi, ni hili. Ndiyo, una haki ya kurudi kwenye mji uliokushinda na kuufurahia. Huhitaji cheti ili kusikiliza. Lakini furaha hiyo inakukabidhi jembe, na jembe lenyewe mara nyingi liko mahali pengine, si pale ulipofurahia.

Nilirudi Saboti Alhamisi jioni. Nikamkuta khocha mahali pale pale. Nikamwambia habari ya vitabu visivyonunuliwa. Nilimwambia yote, hadi jioni ngapi kwa wiki. Alinyamaza muda mrefu. Kwetu ukimya wa khocha ni kitu cha kuogopa.

"Basi nipigie," akasema mwishoni. "Pesa ni yangu. Nisikie nilinunua nini."

Hatukuwa na amadinda. Nikaokota vijiti viwili, nikageuza benchi, nikapiga sehemu niliyofundishwa, ile ya kwanza. Mikono ilikumbuka. Tak, tak, tak, sawasawa, bila kupumzika. Nilipiga kama dakika mbili hivi.

"Huu si wimbo," khocha akasema.

"Ndiyo, khocha. Hii ni nusu. Inahitaji mtu wa pili."

Akaitazama benchi, akanitazama. "Mtu wa pili mtafute. Na pesa yangu nataka tukishavuna."

Nimeshalipa 4,000. Jumapili mbili zilizopita nilikwenda Kitale kutafuta nyuzi za litungu. Mzee anayejua kulifunga ananiambia ngozi pia imekufa, itabidi tubadilishe, na akitaka kunifundisha, nitaanza kwa kukaa matangani usiku mzima, karibu na mpigaji, nikishika taa. Watu watanijua. Wataniuliza masomo yalifika wapi.

Nimekubali. Ya kwanza ni Ijumaa.